Mguu wa Kushoto

Najua wengine wenu mmekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, kwa hiyo sitawachosha kwa utangulizi. Mezani nimeweka suruali tatu nzima na kipande kimoja cha suruali ya nne. Hicho kipande chenye nyuzi nyeupe zinazoning'inia kama ndevu za mahindi nitakirudia mwishoni. Naomba watoto wasikivute kwa sasa.

Nianze na jambo ambalo kila mmoja wenu ameliona. Ni Jumamosi asubuhi. Mwenye nyumba yuko uani anakata tawi la mwembe lililoangushwa na mvua ya usiku. Gogo linabiringika, kwa hiyo amelikanyaga kwa mguu wa kushoto lisimkimbie. Mkono wa kushoto umeshika mpini wa mbele wa msumeno wa mnyororo, ule tunaouita tronsoneze. Wa kulia uko nyuma, kidole kikiwa kwenye mafuta. Amevaa kaptula na kandambili. Mtoto wa kaka yake ameshikilia ncha ya pili ya tawi. Sasa mtu huyuhuyu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, hapiti geti la mgodi bila kofia ngumu, miwani, buti zenye chuma na koti la mistari inayong'aa. Akisahau miwani anarudishwa. Neno EPI, yaani vifaa vya kujikinga kazini, analijua vizuri kuliko jina la mkuu wa mtaa wake. Ila uani kwake hakuna geti, hakuna mlinzi, hakuna ubao unaohesabu siku zilizopita bila ajali.

Siwasemi kwa dharau. Nami nilikata hivyohivyo kwa miaka, na gogo nililikanyaga kwa mguu uleule.

Nadhani chanzo si uzembe peke yake. Mji wetu ulizaliwa mkononi mwa kampuni. Union Minière iliuanzisha Kolwezi mwaka 1937, na baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967 ikaja Gécamines. Katika kambi za wafanyakazi nyumba ilitoka kampuni, shule ilitoka kampuni, hospitali na mgao wa unga vilitoka kampuni. Viatu vya usalama navyo vilikuja hivyo: ulisimama kwenye foleni, ukataja namba ya mguu, ukapewa. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari (hiari hiyo nawaachia walioondoka waieleze), walirudi majumbani na ujuzi wote wa kazi zao. Walijua kulipua mwamba, kuendesha winchi, kuchomelea chuma. Kuchagua kinga hawakufundishwa, kwa sababu hawakuwahi kuhitaji kuichagua. Watoto wao walioingia kwenye kampuni za leo nao wanapewa. Kwa hiyo mtu wa Kolwezi anaweza kuvaa kinga miaka thelathini bila hata mara moja kujiuliza: hii inanikinga na nini?

Na kukata tunakata sana. Bwawa la Nzilo liko hapa karibu, kwenye mto wetu wenyewe, Lualaba, na lilianza kutoa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini sufuria nyingi za mtaa wetu wa Kapata bado zinachemka juu ya makala, yaani mkaa. Miti ya msituni, muputu na mutondo, inazidi kutukimbia. Wachoma makala wengi hutumia shoka, na leo sina la kuwafundisha kuhusu shoka. Nazungumza na mwenye uwanja wenye mwembe, mparachichi au mkaratusi uliokua kupita paa, aliyenunua au kuazima msumeno mdogo wa petroli, na anayekata mara moja au mbili kwa mwezi. Mtu huyo namwogopea kuliko mkataji wa kila siku. Wa kila siku mkono wake umekwishaizoea mashine.

Kwa nini mguu wa kushoto? Misumeno yote ya aina hii imetengenezwa kwa mtu anayeshika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto na wa nyuma kwa mkono wa kulia. Hata mwenye mashoto analazimika kushika hivyo. Mnyororo unakuwa mbele yako, ukielekea kidogo kulia. Tawi likikatika mapema kuliko ulivyotazamia, uzito wa mashine pamoja na uzito wa mikono yako iliyokuwa ikisukuma unashuka ghafla, na mashine inapita kama bembea, kutoka kulia kwenda kushoto. Kinachoupokea mnyororo ni paja la kushoto, au goti. Kuna ajali nyingine, ile ya ncha ya msumeno kugusa kitu na mashine kuruka juu kuelekea uso na bega. Hiyo ina mhadhara wake. Ya mguu huja pale unapodhani kazi imekwisha. Kukata kumekamilika, akili imeshalegea, mnyororo bado unazunguka.

Nchini Marekani, taasisi yao ya afya ya umma, CDC, hutaja takribani watu 36,000 kwa mwaka wanaotibiwa kwa majeraha ya misumeno hii. Mikono na magoti ndivyo viungo vinavyoumia zaidi.

Niruhusuni kamchepuko kadogo. Babu wa mashine hii hakutengenezewa mti. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walibuni msumeno wa mnyororo mwembamba wa kuvutwa kwa mkono, ili kukata mifupa, ukiwemo wa nyonga wakati mtoto amekwama kuzaliwa. Mchoro wake ulichapishwa mwaka 1785. Mnyororo ulijifunza kukata kwenye mfupa wa binadamu, ndipo baadaye sana ukapelekwa msituni. Kila nikikumbuka hilo huwa naangalia goti langu.

Sasa tuje kwenye suruali, hii ya kumkinga anayekata kwa msumeno. Watu wengi, hata waliowahi kuivaa, hudhani ni ngao. Kwamba ndani yake kuna kitu kigumu ambacho meno ya msumeno yanagonga na kurudi. Sivyo. Ishikeni hii: ni laini kama blanketi. Mnyororo unakwenda mita 20 kwa sekunde au zaidi, yaani kilomita 72 kwa saa, na kila jino lina makali. Hakuna nguo utakayoweza kuinama nayo ambayo mnyororo huo hautaipasua. Suruali hii haishindani na meno. Inayalisha mpaka yapaliwe.

Nitaeleza. Chini ya kitambaa cha nje kuna tabaka kadhaa za nyuzi ndefu sana, za polista, nailoni au aramidi, zilizolazwa kwa kulegea na kushikwa pembeni tu. Aramidi ni ukoo wa Kevlar, ile nyuzi aliyoigundua mwanakemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965, na ambayo mnaijua kutokana na fulana za askari. Jino la kwanza linapasua kitambaa cha nje. La pili linadaka nyuzi. Badala ya kukatika papo hapo, nyuzi zinachomoka kwa urefu, zinasafiri na mnyororo, zinaingia chini ya kifuniko na kujisokota kwenye ile gia ndogo inayouzungusha. Gia inafungwa. Mnyororo unasimama. Injini bado inanguruma, kwa maana klachi yake inateleza, lakini hakuna kinachotembea. Yote haya hutokea chini ya sekunde moja. Ikienda vizuri, ngozi inabaki salama au inapata mkwaruzo. Ikienda vibaya, unapata jeraha ambalo daktari anaweza kulishona, badala ya lile ambalo hawezi.

Mkilielewa hilo moja, mengine yote mtayatoa wenyewe. Ngoja niwaonyeshe.

Wiki mbili zilizopita nilipita sokoni kutafuta suruali za kuwaletea hapa. Kijana mmoja muuzaji akaninyanyulia suruali ya rangi ya chungwa, nzito, yenye mistari ya fedha magotini. Akaniambia: "Papa, hii iko nguvu sana. Ni ya kampuni." Hakunidanganya. Ni ya kampuni kweli, na kitambaa chake ni kigumu kweli. Ila mistari ile kazi yake ni kumwambia dereva wa lori la tani mia kwamba wewe upo. Inakukinga na kutoonekana. Msumeno hauna macho. Haujali kama unang'aa. Nyuzi fupi zilizobanana za suruali ile, au za jinzi, au za salopeti ya fundi magari, zinakatwa kama majani, wala haziupalii mnyororo. Vivyo hivyo aproni ya ngozi ya mchomeleaji. Mzee mmoja aliniuliza kuhusu kujifunga kipande cha mkanda wa mpira, ule unaosafirishia mawe. Mzee wangu, mpira ule ni mgumu. Mnyororo unaweza kuupasua, au ukaruka juu yake na kwenda kutafuta sehemu usiyoifunga. Hauna nyuzi zilizolegea za kuulisha.

Wenzetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, mitumba huiita salaula, neno la Kibemba la kupekua rundo na kuchagua. Basi tufanye salaula yenye akili. Kwenye marobota ya nguo za kazi kutoka Ulaya inaweza kutokea suruali ya kweli ya msumeno, na muuzaji asiijue. Utaijuaje? Tafuta lebo iliyoshonewa, mara nyingi ndani ya kiuno. Iwe na mchoro wa msumeno ndani ya ngao. Iwe na namba EN 381-5 kwenye za zamani, au EN ISO 11393 kwenye za miaka ya karibuni. Herufi CE peke yake hazitoshi. Hizo hata mdoli anazo. Kisha finya paja la mbele kwa vidole viwili: usikie tabaka nene zinazoteleza zenyewe kwa zenyewe. Finya nyuma: mara nyingi ni kitambaa kimoja chepesi. Tofauti hiyo ya mbele na nyuma ni dalili nzuri kuliko maneno ya muuzaji yeyote, mimi nikiwemo. Halafu kagua mbele nzima, taratibu, kwa kidole. Tundu dogo la moto wa sigara kwenye kitambaa cha nje si neno. Mkato uliofika kwenye nyuzi, au mahali zimevutwa na kuwa uvimbe, rudisha rundoni. Suruali iliyokwisha kuokoa mtu mmoja imemaliza kazi yake.

Kwenye lebo mtaona pia daraja. Daraja la 0 limejaribiwa kwa mnyororo wa mita 16 kwa sekunde, la 1 kwa mita 20, la 2 kwa mita 24, la 3 kwa mita 28. Mtu wetu ana hulka ya kusema: nipe kubwa. Mimi nasema hapana. Daraja likipanda, tabaka zinaongezeka, na pamoja nazo uzito na joto. Misumeno midogo ya nyumbani mingi kasi yake iko karibu na ile ya daraja la 1. Chukua hilo. Suruali ya daraja la 3 iliyotundikwa msumarini kwa sababu ya joto la Oktoba haina daraja lolote. Na mwenye msumeno mkubwa wa kuangushia miti asome kasi ya mashine yake kwenye kitabu chake kabla ya kununua, kwa maana majaribio ni ya kasi iliyoandikwa. Juu ya hapo hakuna ahadi. Hata chini ya hapo watengenezaji wenyewe hawasemi kwamba hutaumia.

Karibu na daraja kuna herufi A, B au C. Hapa ndipo nilipopenda akili ya walioandika kanuni hizi. Suruali ya aina A inakinga mbele ya miguu yote miwili, halafu inaongeza sentimita 5 mahali pawili: upande wa ndani wa mguu wa kulia, na upande wa nje wa mguu wa kushoto. Simameni, mshike msumeno wa hewa, mkauzungushe kutoka kulia kwenda kushoto. Mmeona? Sentimita hizo zote zinatazama upande wa kushoto, mashine inakoelekea. Hakuna fundi aliyekosea kipimo. Aina B inaongeza sentimita 5 za ndani ya mguu wa kushoto. Aina C inazunguka mguu wote, na ni ya mtu anayepanda mti na kukata akiwa amejipinda kila namna. Mwenzangu wa uani, wewe hupandi mti na msumeno, na kama unapanda, tuonane baada ya mhadhara tuzungumze kama ndugu. Aina A inakutosha.

Kuna zile zisizo suruali: aproni mbili za miguu zinazofungwa kiunoni na kubanwa nyuma kwa mikanda. Wataalamu wengine wanazidharau. Kwa Kapata mimi nazipenda. Zinavaliwa juu ya suruali yoyote, nyuma kuna hewa, zinawafaa mwembamba na mnene, na bei yake huwa nafuu kuliko ya suruali nzima. Nyumba nne za barabara moja zinaweza kununua moja. Kasoro yake ni kwamba inaruhusu uvivu. Mtu anafunga kiuno, anaacha mikanda ya chini, kitambaa kinapeperuka kama bendera, na mnyororo unakisogeza pembeni kabla ya kukila. Kila mkanda ufungwe, mpaka ule wa kifundo. Kama huna subira ya kufunga mikanda sita, nunua suruali.

Nifike sasa kwa mafundi cherehani, na najua wawili wako hapa. Wazee wangu, suruali hizi zinakuja ndefu, na mteja atawaletea mzifupishe. Msizifupishe. Mkikata mguu mnakata pale nyuzi ziliposhikwa, na mkipita na cherehani juu ya tabaka mnazifunga zisichomoke. Nguo itapendeza kuliko mwanzo, mshono utanyooka, na itakuwa imekufa. Kinga inatakiwa ishuke hadi sentimita 5 hivi kutoka pindo la chini, ikutane na buti. Iliyo ndefu kidogo huinuliwa kwa mikanda ya mabegani, bretele. Iliyozidi sana haikuwa saizi yako. Iliyo fupi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ukiinama inapanda na kuacha kifundo wazi. Kwa hiyo ijaribu ukiwa umeinama, siyo ukiwa umesimama mbele ya kioo. Mfuko mpya, kiraka cha jina la klabu, maua: vyote hivyo viwekwe nyuma, au visiwekwe.

Buti nitazipita upesi. Zipo buti maalumu za msumeno zenye kinga mbele na kwenye ulimi, ni ghali. Buti ya mgodi yenye chuma kwenye vidole ni bora mara mia kuliko kandambili, mkijua tu kwamba chuma kinaishia kwenye vidole, na pale kamba zinapofungwa hakuna kitu.

Joto si kisingizio cha mvivu, na sitaki kuwacheka wanaolilalamikia. Mwezi wa Oktoba hapa, kabla mvua hazijashika, ndani ya suruali hii unapika. Mtu aliyechoka kwa joto anashika mashine vibaya, na hapo kinga yenyewe inakuwa imeleta hatari. Kata saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kisha acha. Kazi kubwa za miti ziwekeni Juni na Julai, wakati asubuhi zetu ni za baridi na hii suruali mtaipenda. Mwembe hauna haraka, isipokuwa umelalia paa.

Kufua. Kumbukeni tena nyuzi: lazima ziweze kuteleza. Oili ya mnyororo, utomvu wa mwembe na vumbi letu jekundu zikikauka pamoja zinageuka gundi, nyuzi zinashikana, na siku ya haja hazichomoki. Fua kwa sabuni ya kawaida na maji ambayo mkono unayavumilia, na fuata lebo. Usitie jiki, usichemshe, usipige pasi, usisugue kwa brashi ya waya, usiikamue kwa kuisokota. Anika kivulini. Mama zetu wataona nguo haikutakata vizuri. Haidhuru, doa siyo adui. Na usisimame nayo karibu na tanuru la makala: polista na nailoni huyeyuka.

Sasa neno kwa vijana wanaopenda misumeno ya umeme. Imeanza kuonekana, ya waya na ya betri, na ina uzuri wake, kelele yake ni ndogo na haina moshi. Ila injini ya petroli ikipaliwa klachi inaachia. Mota ya umeme hukaza kuvuta hata inapobanwa, na nyuzi zinaweza kushindwa kuisimamisha. Usivae suruali hii ukadhani umenunua usalama uleule kwa mashine ile. Soma kitabu cha mashine na lebo ya nguo. Zisipotaja umeme, jihesabu kama mtu asiyevaa kitu.

Nimesema mpaka sasa kuhusu mguu wa anayekata. Rudini uani kwa yule mtoto wa kaka aliyeshikilia tawi. Yeye ana kaptula ya shule. Suruali ya mwenye msumeno haimfuniki, wala haimfuniki mama anayepita na liputa lake kukusanya vijiti kabla mashine haijazimwa. Tawi halishikiliwi na mtu. Pigilia vijiti viwili vilivyopishana kama herufi X, na vingine viwili mita moja pembeni, laza tawi juu yake; halibiringiki, linafika usawa wa kiuno, na mguu wa kushoto unakosa sababu ya kupanda juu. Vijiti hivyo ni bure. Asiye na uwezo wa kununua suruali mwezi huu aanze navyo, na tawi alikate kwa shoka au msumeno wa mkono. Kuni zitachelewa kidogo.

Lipo pia suala la kijana wa kuitwa. Wengi wetu hatukati wenyewe. Tunampigia simu kijana, anakuja na msumeno wa kuazima, tunapatana bei ya mti. Nani anunue kinga? Mgodini jibu mnalijua na mnalidai kwa sauti: mwajiri. Mkifika nyumbani mnakuwa waajiri na sauti inapotea. Mimi naona mwenye mti atoe kinga au aongeze bei, na asipoweza yote mawili, mwembe ubaki. Najua baadhi yenu hamkubaliani, nimeona nyuso. Tutabishana wakati wa maswali.

Na ajali ikitokea? Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa mtu anaweza kuisha kwa dakika chache, muda mfupi kuliko wa kutafuta pikipiki. Mlaze. Bonyeza jeraha kwa kitambaa na uzito wako wote. Damu ikiendelea kuruka, funga mkanda mpana juu ya jeraha, upande wa kiunoni, ingiza kijiti, sokota mpaka damu isimame, na usiulegeze njiani. Kumbuka saa uliyofunga umwambie daktari. Usitie majani, unga wa makala wala oili.

Hiki kipande sasa. Ni cha suruali yangu, mguu wa kushoto, kiganja kimoja juu ya goti. Ilikuwa baada ya mvua, mwembe wa nyuma ya jiko. Tawi lilikuwa limeoza ndani, nami sikujua. Msumeno uliingia kama kisu kwenye papai ukatokea upande wa pili kabla sijaondoa nguvu mikononi. Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti ya injini ikibadilika, kama mtu anayekohoa. Nikazima. Nilikaa chini kwenye majani mabichi muda mrefu, nikiogopa kuangalia. Kulikuwa na alama nyekundu kwenye ngozi, kama ya kamba iliyobana. Kung'oa nyuzi kwenye ile gia kulinichukua karibu saa nzima, kwa kisu na koleo, mikono ikitetemeka. Mke wangu alitoka jikoni, akaitazama suruali, akaniuliza kama fundi hawezi kuishona, maana ilikuwa mpya. Nilimwambia hapana, akasikitika kwa ajili ya fedha, na mimi sikumweleza zaidi mpaka jioni.

Pitieni hapa mbele mmoja mmoja mkakishike. Vuteni uzi mmoja mwone unavyokuja bila kukatika. Kile kisu kilicho pembeni ni cha kung'olea nyuzi kwenye gia, vijana. Msijaribu makali yake kwenye hizi tatu nzima, moja nimeazima na lazima niirudishe Jumatatu.